Nyigu wa Kitale, Nyigu wa Mombasa

Ndugu zangu, chukueni nyigu wawili. Mmoja mtoeni Mombasa, mwingine mtoeni Kitale. Hakuna anayezidi punje ya ufuta. Wote weusi, wote mabawa yao yana mishipa ileile, na mtaalamu aliyezeekea kwenye hadubini atawaapia kwamba hawa ni watoto wa nyumba moja, jina lao Cotesia sesamiae. Haya. Sasa mpeni kila mmoja kiwavi wa bungua, yule mnene wa mahindi ya nyanda za juu ambaye vitabu vinamwita Busseola fusca. Nyigu wa kwanza atamdunga na kutaga mayai ndani yake. Wa pili naye vivyo hivyo. Kisha subirini.

Mayai ya yule wa Kitale yataanguliwa. Funza wake watamla bungua kwa ndani, watatoboa ngozi yake, watatoka na kusokota vifuko vyeupe kama pamba. Bungua huyo hatakuwa nondo wala hatazaa tena. Lakini mayai ya yule wa Mombasa yatazingirwa na chembe za damu ya kiwavi, safu juu ya safu, mpaka yafie humo humo kama mtu aliyejengewa ukuta akiwa hai. Bungua atajinyoosha na kuendelea kula.

Jicho halikuona tofauti, na hadubini nayo haikuona. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye herufi za vinasaba. Nyigu jike wa ukoo huu hubeba kwenye viungo vyake vya uzazi kirusi cha kurithi, mshirika wake wa tangu zama, na anapomdunga kiwavi humwingizia mayai pamoja na kirusi hicho, nacho hulewesha kinga ya kiwavi ili mayai yasidhurike. Watafiti walisoma jeni moja ya kirusi hicho, iitwayo CrV1, wakaona kwamba ya nyigu wa bara na ya nyigu wa Pwani hazifanani. Anayemchukua nyigu wa Mombasa akampeleka Kitale kwa sababu tu jina la nje ni moja, huyo amempelekea bungua sadaka.

Neno langu leo ni hilo. Jina la nje halitoshi! Kuna jina la ndani, limeandikwa kwa herufi nne tu, A na C na G na T, zikirudiwa mamilioni ya mara, na kila mdudu anayetulindia shamba analo. Sisi tunaokula jasho lake hatujalisoma, hatujaliandika, na kabla ya kuliandika tunalifuta kwa bomba la sumu.

Dini zetu zinatufundisha kwamba heshima kubwa ya Adamu ilikuwa majina. Ninyi wa msikitini mnajua jinsi alivyofundishwa majina hata malaika wakakiri kwamba hawayajui. Ninyi wa kanisani mnajua jinsi alivyoletewa wanyama ili aone atawaitaje. Hakupewa panga wala pesa. Alipewa majina. Basi tujiulize, sisi wana wa Adamu wa Tanga na Kilifi na Mbeya na Bungoma, tumeyafanyia nini?

Kiswahili si lugha masikini kwa wadudu. Tuna nyuki, nyigu na mavu. Tuna siafu, sisimizi, mchwa na kumbikumbi. Mtoto wa Unguja anamjua majimoto kabla hajajua kusoma, maana amekwisha kung'atwa. Na wazee wenye minazi wanajua kwamba panapo majimoto vidaka havidondoki ovyo. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Michael Way alikaa Zanzibar akilichunguza jambo hilo, akaonyesha jinsi majimoto anavyomfukuza kunguni wa mnazi anayefyonza vidaka na kuviangusha. Kunguni yule leo anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Bwana Way. Tazameni ulimwengu: adui amepewa jina la mheshimiwa, na majimoto aliyeulinda mnazi bado anatukanwa na wakwezi!

Lakini angalau majimoto ana jina. Hawa nyigu wadogo, hawa wasiouma mtu, wasioonekana, wasiotengeneza asali wala nta, tumewaitaje? Vidudu. Anayekulindia shamba unamwita kidudu, anayekula shamba unamwita kidudu, halafu unakwenda dukani kununua sumu moja kwa ajili yao wote.

Sisemi haya kama mtu msafi. Nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, nina pikipiki ya kazi na dhambi za kazi. Siku moja, mbele ya wakulima kama thelathini, nilipasua bua la hindi kuwaonyesha bungua. Tukamkuta amekauka, na kando yake shada la vifuko vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele, vimegandana kama pamba. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: haya ndiyo mayai ya bungua. Nikayaweka chini, nikayasaga kwa kisigino, nikawaagiza kila mmoja akiyaona afanye hivyo hivyo. Nao ni watiifu, walifanya. Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba kisigino changu kilisaga nyigu, tena wale wale niliowataja hapo juu. Vijiji vingapi vimerithi kosa langu? Nilipostaafu niliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Hakuna aliyenidai wale nyigu.

Sikilizeni sasa habari ya muhogo, maana hapo ndipo gharama ya kutojua jina ilipohesabiwa kwa matumbo ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu na Kinshasa na Brazzaville, alionekana kidung'ata mpya kwenye mihogo, mdudu mwenye unga mweupe mgongoni. Jina lake la kitabuni ni Phenacoccus manihoti. Alikuwa mgeni kutoka Amerika ya Kusini, na huku hakumkuta adui hata mmoja. Vichipukizi vya muhogo vikajikunja na kudumaa. Kisamvu kikaisha, au sombe kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, kisha mizizi ikasinyaa, kisha hata mbegu za kupanda zikakosekana. Akasambaa nchi kwa nchi, magharibi mpaka Senegali, na upande wetu akavuka mpaka maziwa makuu.

Wataalamu wakaenda kwao kumtafutia adui. Wakazunguka kaskazini ya Amerika ya Kusini, wakampata kidung'ata wa muhogo mwenye unga uleule na umbo lilelile. Wakashangilia. Wakakusanya nyigu wanaomla, wakawaleta, wakawaweka juu ya kidung'ata wa Afrika. Nyigu wakakataa! Kumbe yule alikuwa mwingine. Yule wa kaskazini ana madume na majike, na huyu wetu ni majike watupu wanaozaa bila dume. Wawili tofauti katika vazi moja. Yule wa uongo baadaye akaitwa Phenacoccus herreni, kwa jina la Hans Herren, Mswisi aliyekuwa akiiongoza kazi hiyo kule Ibadan. Na huku muda ukienda, watu wanachimba mashina na kukuta mizizi kama vidole.

Mwaka 1981 ndipo Anthony Bellotti alipomkuta kidung'ata wa kweli huko Paragwai, na pamoja naye nyigu wake, Anagyrus lopezi. Nyigu wakapitishwa karantini London, wakafika Ibadan, na kabla ya mwaka huo kwisha wakaachiwa huru Nijeria. Wakazalishwa na kupelekwa kwa gari na kwa ndege, wakajikita katika nchi zaidi ya 20, na muhogo ukasimama tena. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kijana anayekula muhogo wa kuchemsha leo asubuhi hamjui nyigu huyo. Nakuambieni, yumo ndani ya sahani yake.

Na huyo kidung'ata alipozuka Thailand mwaka 2008, jina lake lilikuwa limekwisha andikwa na jina la mlaji wake vilevile. Mwaka 2009 nyigu walitumwa kutoka Benin. Hakuna aliyezunguka msituni akishangilia mdudu asiye mwenyewe.

Mtaniuliza, majina hayo ya ndani yanaandikwa wapi? Katika hifadhidata. Na hifadhidata ni kitu gani? Ni ghala la herufi. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba kipande kimoja kifupi cha jeni, herufi kama 650 hivi, kinatosha kuwatofautisha wanyama wengi, kama mistari ya msimbopau inavyotofautisha sabuni na sukari pale dukani. Unachukua mguu wa mdudu, mguu mmoja tu, unatoa vinasaba vyake, unasoma kipande kile, unauliza ghalani: nani mwingine ana herufi hizi? Mwili unabaki kwenye pini, na lebo yake, kabatini, ili atakayetilia shaka miaka 50 ijayo akautazame. Ghala hilo la msimbopau liko Kanada. Lile la herufi za kila namna, liitwalo GenBank, liko Marekani tangu 1982, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kulifungua usiku huu bila kulipa senti.

Msimbopau ni mlango tu, msidanganyike. Ndani kuna nyumba nzima. Mwaka 2006 nyuki wa asali alisomwa herufi zake zote, zaidi ya milioni 200. Baada ya hapo ikawezekana kuuliza maswali ambayo babu zetu warina asali waliyauliza kwa macho tu. Kwa nini nyuki wa mlimani ni mweusi, mpole, haogopi baridi, na nyuki wa mbugani ni mkali kama pilipili? Mwaka 2017 watafiti walichapisha usomaji wa nyuki wa misitu ya milimani na wa mbugani nchini Kenya. Wakakuta kwamba karibu kila mahali ni nyuki yule yule, ila kwenye vipande viwili vikubwa, kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika ya 9. Na hao ni nyuki wetu! Wamesomwa na kuandikwa, na sijui ni wafugaji nyuki wangapi wa mlimani waliowahi kuambiwa.

Sasa njooni kwenye jeraha ambalo bado bichi. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi walionekana Afrika ya Magharibi, na kabla hatujamaliza kubishana wametoka wapi walikuwa wamekwisha ingia kwenye mahindi yetu. Mnakumbuka. Watu walitia majivu kwenye mahindi, wengine mchanga, wengine sabuni ya unga. Serikali ziligawa sumu, na waliochelewa kupata sumu waliona wameonewa. Wakati huo huo wataalamu walifikiria kumleta nyigu mmoja mashuhuri anayetaga ndani ya mayai ya kiwavi huyu, Telenomus remus, aliyesifika Amerika. Kuleta mdudu si mchezo. Kuna vibali, kuna karantini, kuna miaka.

Kabla ya yote hayo kukamilika, watu wenye subira wakakusanya mayai ya viwavijeshi mashambani, wakangoja nani atatoka, wakawatazama waliotoka, wakasoma herufi zao. Mwaka 2019 wakatangaza: Telenomus remus yupo! Yupo Benin, yupo Kodivaa, yupo Niger, yupo Afrika Kusini, na yupo Kenya. Mgeni tuliyekuwa tukimtafutia viza alikuwa amekaa barazani siku zote, anafanya kazi bila mshahara, na sisi tunamwagia sumu kichwani.

Mnaona sasa kwa nini siwezi kuzungumza kwa upole?

Nina ugomvi pia na wasomi, na nitausema. Kuna vijana wetu waliofanya utafiti mzuri, wakakusanya nyigu mlima kwa mlima, wakasoma herufi zao, wakapata shahada, na kazi yote ikabaki kwenye flashi ndani ya droo. Wengine walipeleka herufi ghalani bila kuandika kijiji, bila mmea, bila jina la kiwavi aliyeliwa. Hizo ni herufi yatima. Zinafaa nini? Rudini kwa wale nyigu wetu wawili: kilichowatenga ni Kitale na Mombasa, ni mahali! Ondoa mahali, na umebaki na nyigu mmoja mwenye sifa mbili zinazogombana. Tena wengine wanabandika jina kwa kubahatisha, na anayekuja baada yao analinganisha mdudu wake na kosa lile, naye anakosea, na wa tatu anakosea zaidi. Ghala lenye lebo za uongo ni baya kuliko ghala tupu. Mwenye ghala tupu anajua ana njaa.

Kuna wanaonijibu: Mzee, ukiweka vinasaba vya wadudu wetu kwenye ghala la wazi, matajiri watavichukua. Wana haki ya kuogopa, na anayewacheka hajui historia. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ililinda mdudu anayevuka mpaka ndani ya kichupa, lakini herufi hazivuki kwa kichupa, zinapita kwenye waya. Ndiyo maana mataifa yaliposhindana Montreal mwezi Desemba 2022 yalikubaliana kwamba wanaofaidika na herufi hizo wachangie, na mwaka 2025 mfuko wa kupokea michango hiyo, uitwao Mfuko wa Cali, ukazinduliwa. Utajaa au utabaki kopo la sadaka lenye sarafu mbili, hilo litategemea tutakavyolipigia kelele.

Lakini sikilizeni habari ya nyigu wetu kwa mara ya mwisho. Watafiti walipoendelea kusoma herufi za Cotesia sesamiae, waligundua kwamba ndani ya jina hilo moja alikuwa amejificha mwingine kabisa, anayemfuata kiwavi wa aina moja tu kwenye mimea ya vinamasini. Mwaka 2017 alipewa jina lake mwenyewe, Cotesia typhae. Kiwavi anayemla yuko pia Ufaransa, anatafuna mahindi ya huko, na Wafaransa wakaanza kumpima nyigu huyu wa Kenya kama anaweza kuwalindia mashamba. Waliweza kwenda na kibali na makubaliano na Kenya kwa sababu asili yake ilikuwa imeandikwa: ametoka hapa, kwenye mmea huu, ndani ya kiwavi huyu. Angekuwa kidudu tu, nani angemdai nani? Kuficha hakujapata kutulinda. Anayelindwa ni yule aliyeandikwa, na kijiji chake kimeandikwa pamoja naye.

Kwa hiyo nawasihi. Mwalimu wa sayansi wa kidato cha pili, una watoto 80 darasani na huna maabara, lakini unazo chupa za maji zilizotupwa na chandarua kilichochakaa. Hiyo ni maabara! Ninyi wa vyuo, fungueni zile droo. Afisa kilimo wa wilaya, unapoandika bajeti ya sumu, andika mstari mmoja tu wa spiriti na vichupa, hata ukikatwa uandike tena mwaka ujao. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana makabati ya wadudu, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani kina wataalamu wa kuwatambua, COSTECH ya Dar es Salaam na NACOSTI ya Nairobi ndizo zinazotoa vibali vya utafiti. Milango hiyo ni ya kwetu, haikuwekwa kwa ajili ya wageni peke yao. Mashekhe na mapadri, ninyi mna masikio ya watu kila Ijumaa na kila Jumapili. Nawaombeni dakika tatu, kabla ya matangazo ya harusi.

Na wewe mkulima, kesho alfajiri kabla jua halijawa kali, ingia shambani. Tafuta hindi lenye tundu na unga wa mavi ya bungua unaomwagika shinani. Lipasue taratibu. Ukiona shada la vifuko vyeupe, usilisage. Litie kwenye chupa kavu, funga mdomo wake kwa kipande cha kitambaa chepesi, weka kivulini mbali na sisimizi. Baada ya siku kadhaa utaona wanatoka, weusi, wadogo, wanahangaika kutafuta mwanga. Wengi wao waachie warudi shambani, wana kazi. Wachache watie kwenye kichupa cha spiriti kali, si formalini, maana formalini huharibu herufi. Kisha kata kipande cha karatasi, andika kijiji, tarehe, mmea, na mdudu waliyetoka ndani yake, ukitumbukize humo humo pamoja nao. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka.